Mwarobaini au shubiri? Vyote vichungu ila kazi zao hazifanani

Wakuu, hili swali la mwarobaini au shubiri linaulizwa kila siku na majibu ni yale yale, huyu anasema kunywa mwarobaini unasafisha damu, yule anasema shubiri ndo kiboko, mwingine anakwambia changanya vyote unywe asubuhi kabla hujala kitu, na wote wanaongea kama vile ni dawa moja yenye majina mawili kisa zote zinakunja uso. Uchungu wa mwarobaini na uchungu wa shubiri hautoki sehemu moja kabisa, kwahiyo hapa naviweka ubavu kwa ubavu, kemia yake, wazee wanavitumiaje, na wapi kimoja kinamwacha mwenzake mbali, ili mwenye tatizo lake au mwenye kiwanja kidogo cha kupanda kitu kimoja tu aamue mwenyewe.

Kwanza asili, maana wengi wanadhani vyote ni vya kwetu tangu enzi za mababu. Mwarobaini ni mti wa Bara Hindi na Burma, ukoo mmoja na mkangazi, Wahindi ndo waliuleta pwani yetu karne ya 19 na ukashika adabu, leo Tanga, Mombasa, Lamu, Dar, kila uwanja wa shule na kila kituo cha polisi kuna mwarobaini na bodaboda wamekaa chini yake. Shubiri hii ya kwenye makopo, Aloe vera, asili yake ni Bara Arabu, na biashara ya shubiri ya ukanda ule ni ya zamani mno, mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 waliandika kwamba inapakiwa Hadhramaut, Yemen ya leo, pamoja na ubani. Ila kwenye shubiri kuna mtego, huku kwetu tuna shubiri mwitu za aina nyingi, Aloe secundiflora, Aloe lateritia na nyinginezo, na watu wanazikata porini wakidhani ni ile ile. Sio ile ile. Zipo ambazo ni sumu kabisa, mfano Aloe ballyi ya kule Taita na kaskazini mashariki mwa Tanzania ina alkaloidi za sumu zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Kwa mwarobaini nako kuna pacha wa uongo, Melia azedarach, ule wa maua ya zambarau ambao matunda yake ya njano yanabaki yananing'inia hata majani yakishapukutika, matunda hayo yameshadhuru watoto na mifugo. Mwarobaini halisi maua yake ni meupe, na kila jani dogo limejikunja kama mundu na pembeni lina meno meno. Kama huna uhakika na mti ulionao, hayo yote ninayoandika chini hayakuhusu mpaka uujue kwanza.

Sasa kemia, inabidi tupite hapa maana ndo inaamua kila kitu. Uchungu wa mwarobaini unatoka kwenye kundi linaitwa limonoidi, na ndani ya mti mmoja zipo nyingi ajabu, nimbini, nimbolidi, gedunini, na mkubwa wao azadirakitini ambayo imejaa kwenye kokwa ya mbegu na sio kwenye majani. Nimbini aliitoa mkemia Salimuzzaman Siddiqui mwaka 1942 huko India ya wakati ule, azadirakitini ikapatikana Uingereza 1968, na molekuli yake ni ngumu balaa, kaboni 35, hidrojeni 44, oksijeni 16, timu ya Steven Ley pale Cambridge ilihangaika nayo miaka 22 mpaka 2007 ndo wakafanikiwa kuiunda maabara. Yani kitu ambacho mti wa uani kwa jirani unakitengeneza kwa jua na maji ya kuoshea vyombo! Ubaya wake ni laini, jua linaiharibu ndani ya siku chache na moto nao unaiharibu, hilo kaa nalo tutakutana nalo kwenye shamba.

Shubiri yenyewe ni jani moja lenye vitu viwili ambavyo havina undugu. Ukilikata utaona maji ya njano yanachuruzika kutoka chini ya ganda, huo ni utomvu, halafu katikati kuna ute mweupe unaoteleza. Utomvu ndo wenye aloini, ambayo ilitolewa Edinburgh mwaka 1851, kaboni 21, hidrojeni 22, oksijeni 9, iko kundi la antrakinoni, na huo ndo uchungu tunaousema. Ute karibu 99% ni maji matupu, kilichobaki ni minyororo mirefu ya sukari, polisakaridi, maarufu zaidi inaitwa asemanani, na ukiusafisha vizuri wala hauna uchungu wa kukutisha. Kwahiyo mzee anayesema shubiri inamfungua tumbo na binti anayesema shubiri inampoza uso wanaongelea dawa mbili tofauti, na matatizo karibu yote ya shubiri yanatokea pale utomvu unapoingia kwenye kazi ya ute.

Kuusafisha sio kazi. Kata jani la nje lililokomaa, lisimamishe ndani ya kikombe upande uliokatwa uangalie chini, dakika 10 mpaka 15 njano yote imeshuka, osha, toa miiba ya pembeni, menya ganda, suuza tena ule ute. Ukionja kidogo na bado ni mchungu basi njano imebaki, rudia.

Haya, tuanze na ngozi maana huko ndo wengi wanakoangukia. Kwa kuungua, shubiri inashinda na wala sio kwa kubahatisha. Mapitio yaliyotoka 2007 yalikusanya tafiti 4 zenye wagonjwa 371 wa kuungua, na waliotumia shubiri walipona wastani wa siku karibu 9 kabla ya wenzao. Tafiti zenyewe hazikufanana, wengine walitumia ute mbichi wengine unga, kwahiyo usiichukue hiyo namba kama msahafu, lakini mwelekeo unaonekana. Umeunguzwa na mvuke wa sufuria, ngozi nyekundu, haijatoboka, weka kwanza maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, afu ndo ute. Ikiwa kidonda kimeingia ndani, ni cheupe au kimeungua eneo kubwa, au ni usoni kwa mtoto, hapo ni hospitali, na tafadhali msianze kupaka dawa ya meno. Mwarobaini kwenye kuungua sioni sababu yake, mafuta yake yananuka kama kitunguu saumu kilichooza kwa ajili ya viini vya salfa na hayapozi chochote.

Kwenye upele mambo yanageuka. Kule India 1992 walichapisha utafiti ambao watu 814 wenye upele ule wa utitiri walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa na manjano, na 97% walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, hilo ni pungufu kubwa na daktari yeyote atakurushia usoni, ila kwa mahali ambapo benzili, ile dawa ya upele ya kupaka, haipatikani mimi ningeujaribu bila aibu huku naendelea kutafuta dawa yenyewe, na shuka zote na nguo zote zichemshwe siku hiyo hiyo, na nyumba nzima ipakwe, maana ukijipaka peke yako utaupata tena kwa unayelala naye. Mba na fangasi za kichwani nako mwarobaini. Chunusi na ngozi kavu baada ya jua, shubiri. Tetekuwanga wazee wanamwogesha mtoto maji ya majani ya mwarobaini, na muwasho unatulia kweli, virusi haviguswi lakini mtoto analala, na usiku wa tetekuwanga kulala sio jambo dogo. Kitu chochote kati ya hivi kipake kwanza ndani ya mkono sehemu ndogo usubiri siku moja, wapo watu ngozi zao hazitaki.

Tumboni. Hapa utomvu wa shubiri ndo haluli ya kale, yani dawa ya kuendesha, na inavyofanya kazi inapendeza hata kusimulia. Aloini inapita tumbo na utumbo mdogo bila kuguswa, inafika utumbo mpana, bakteria wa mle ndani wanaipasua kuwa antroni, hiyo antroni ndo inauchokoza utumbo ujikaze na kuzuia maji yasifyonzwe, na ndo maana ukinywa usiku shughuli inakuja asubuhi, masaa 6 mpaka 12 baadae. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Swali ni kwa gharama gani. Inakata tumbo vibaya, ukiizoea potasiamu inashuka mwilini, na mwenye dawa za moyo kama digoksini hilo linaweza kumuua. Marekani mwaka 2002 waliziondoa madukani dawa za choo zenye shubiri kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama, na shirika la utafiti wa saratani la WHO baadae likaiweka dondoo ya jani zima la Aloe vera kwenye kundi 2B, maana yake huenda inasababisha saratani, baada ya panya walionyweshwa dondoo yenye njano kwa miaka 2 kupata uvimbe kwenye utumbo mpana. Panya sio mtu, sawa, ila mimi kama choo kimefunga nakula mapapai na kunywa maji kwanza. Na wale wa kusaga jani zima na ganda lake kwenye blenda kila asubuhi eti ditoksi, mnakunywa haluli kila siku, hamjasafisha kitu. Juisi za viwandani zilizosafishwa vizuri kipimo chao cha aloini kinatakiwa kiwe chini ya sehemu 10 kwa milioni, hizo ni habari nyingine, ila pia faida yake ni ndogo kuliko maneno ya kwenye chupa.

Mwarobaini tumboni sifa yake ni minyoo. Uzoefu wa wazee upo, ushahidi wa kueleweka kwa binadamu sijauona, na albendazoli ya kidonge kimoja ipo kila duka la dawa kwa bei ya soda. Sioni ushindani hapo.

Sasa malaria, na hapa naomba tuongee ukweli hata kama bibi atanuna. Nadhani imani ya mwarobaini kwenye homa ilipata nguvu kwa sababu kwinini ni chungu, watu wakaona chungu basi inatibu malaria, na hata shubiri ikaingizwa humo humo. Kwinini inatoka kwenye mti mwingine kabisa wa Amerika Kusini na kemia yake haihusiani na limonoidi wala antrakinoni, uchungu ni uchungu tu, ulimi haujui kusoma molekuli. Kwenye chupa za maabara gedunini na nimbolidi zimeua vimelea vya malaria, ni kweli, na ndo hapo watu wanaposhika bango. Lakini kati ya chupa ya maabara na damu ya mtu kuna safari, inabidi dawa ifyonzwe, ini lisiimalize, ifike kwa kiwango cha kutosha bila kukudhuru, na hakuna aliyeonyesha kwamba kikombe cha majani kinafanya hivyo. Kujifukiza unatoka jasho, homa inashuka masaa mawili, unajiona umepona huku vimelea vinaendelea kuzaana. Pima, kipimo kikisema ni malaria kunywa dawa mseto umalize dozi. Ukitaka kujifukiza juu yake kwa ajili ya mafua jifukize, angalia tu sufuria isikumwagikie.

Wenye sukari, vyote viwili vinaweza kuishusha, na hilo sio la kushangilia kama tayari uko kwenye metformini au sindano, maana mbili zikikutana utajikuta chini unatetemeka. Mwambie daktari unachokunywa, hata kama ni majani. Meno, mswaki wa kijiti cha mwarobaini, hakuna mpinzani, shubiri haina kazi huko.

Ila mahali ambapo mwarobaini unakuwa mfalme ni shambani, na huwa nashangaa tunavyoung'ang'ania kwenye vikombe wakati dawa yake hasa iko kwenye mbegu tunazofagia. Mwaka 1959 Mjerumani mmoja, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan nzige walipopita, wakala kila kitu cha kijani wakaiacha miarobaini imesimama na majani yake. Kumbe azadirakitini inawafanya wadudu wakatae kula, na wale wanaokula inavuruga homoni yao ya kujivua ganda, kiwavi anataka kukua anashindwa kubadili ngozi anafia humo humo. Haiui papo hapo kama sumu za dukani, kwahiyo ukipulizia leo kesho bado utawaona, wanatembea ila hawali, usikate tamaa ukasema dawa feki. Kinachotumika ni kokwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, twanga kwenye kinu, loweka usiku kucha kwenye maji ya baridi, chuja kwa kitambaa, weka sabuni kidogo ishike kwenye majani, pulizia jioni. Jioni kwa sababu ya jua, na maji ya baridi kwa sababu ya moto, nilisema tutakutana nalo. Wanaochemsha majani wanapoteza kuni, kwanza majani yana azadirakitini kidogo, pili hiyo kidogo wanaipika. Vidukari, viwavi wadogo, kanitangaze, yule kiwavi wa nyanya, akiwa bado mchanga, unapunguza vizuri. Ghalani watu wanaweka majani makavu kwenye mahindi na maharage, kwa fukusi wa kawaida inasaidia kiasi, kwa dumuzi, yule mnaemwita skania, usitegemee majani peke yake utalia.

Na hiyo kazi ya shambani ilileta kesi kabisa, kampuni ya W.R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani walipewa hataza, yani haki ya kumiliki uvumbuzi, Ulaya 1994 ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya fangasi wa mimea, Wahindi wakapinga kwamba wakulima wao wanajua hilo tangu zamani, hataza ikafutwa 2000 na rufaa ikatupwa 2005. Shubiri nayo ina siasa zake, Kenya mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri mwitu kwa jinsi zilivyokuwa zinamalizwa, na mpaka leo aina zote za shubiri zinabanwa kwenye biashara ya kimataifa isipokuwa hii Aloe vera ya kupandwa. Kwahiyo ya porini iacheni hapo ilipo, ukiachilia wafugaji wa kuku wanaoweka jani la secundiflora kwenye maji wakati wa kideri, hilo lipo Kenya na Tanzania na sitabishana nao, ila chanjo ya kideri ni tone moja la jicho.

Mimba. Hapa hakuna cha kulinganisha, vyote viwili visinywewe. Mwarobaini kwa wanyama wa maabara umezuia mimba kushika na umeharibu mimba zilizoshika, na utomvu wa shubiri unauchokoza utumbo na inaaminika hata nyumba ya uzazi inaguswa. Ute safi wa kupaka juu ya ngozi hauna neno. Watoto wadogo ndo kabisa, mafuta ya mwarobaini yasiingie mdomoni mwa mtoto hata kijiko kimoja cha chai, Malaysia 1981 ziliripotiwa kesi za watoto wachanga waliopewa kati ya mililita 5 na 30 kwa vijimaradhi vya kawaida, wakaanza kutapika, kusinzia, degedege, ini na ubongo vikaharibika na wengine hawakurudi. Hili nalirudia kwa wale wanaonunua mafuta ya kupaka nywele afu bibi anaona chupa anampa mtoto mwenye kikohozi. Kumwachisha mtoto ziwa kwa kupaka shubiri kwenye chuchu ni jambo la zamani pwani, paka kidogo sana na mtoto wa mwaka na nusu kwenda juu atakunja uso ataondoka, sio upake nyingi mpaka alambe aharishe.

Sasa nani apande nini. Unakaa ghorofani au chumba cha kupanga, huna ardhi, jikoni unaungua mara kwa mara, chukua shubiri, chungu chenye tundu chini, mchanga mwingi, maji mara moja kwa wiki au hata pungufu, inakufa kwa maji mengi kuliko kwa ukame, na usianze kukata majani kabla haijafika miaka 2 au 3. Itazaa vichipukizi pembeni, hamishia kwenye makopo ugawie majirani. Una shamba la mboga, au una uwanja na unataka kivuli, panda mwarobaini, unavumilia mvua ya milimita 400 tu kwa mwaka, baada ya miaka 3 mpaka 5 unaanza kuzaa, ukikomaa unapata kilo 30 hadi 50 za matunda kwa mwaka. Uweke mbali na ukuta wa nyumba na karo, na fagia matunda maana ndege na popo wanasambaza mbegu na miche itaota hadi kwenye paa la jirani. Una nafasi ya vyote, panda vyote, kila kimoja kwenye kazi yake.

Na mbegu ya mwarobaini usiihifadhi eti utapanda mwakani, inakufa ndani ya wiki chache tu, okota matunda yaliyoiva, toa nyama, osha, kausha kivulini siku mbili tatu halafu zika wiki hiyo hiyo. Zile utakazobakiza za kupulizia kausha kivulini pia, zikiota ukungu tupa.